Pishi ya Mgeni: Shule za Tanga na Washirika Wao

Barabara iendayo Maramba huiacha Tanga mjini kwa upande wa Mabokweni, ikapita minazi na mashamba ya mkonge, kisha ikasogea chini ya milima ya Usambara Mashariki kabla ya kushika njia ya Bombo Mtoni na Umba. Leo Maramba imo Wilaya ya Mkinga. Kabla wilaya hiyo haijamegwa katika miaka ya 2000, ilihesabiwa Muheza. Wadigo, Wabondei, Wasambaa na wajukuu wa manamba waliokuja kukata mkonge hukutana hapo sokoni, na watoto wao hukutana darasani. Ukiuliza kwa nini shule za ukanda huu zinasuasua, jibu jepesi huwa tayari mdomoni: hakuna fedha, hakuna wafadhili. Historia inalikataa jibu hilo. Ni sehemu chache za Tanganyika zilizopata washirika wa elimu mapema na kwa mfululizo kama Tanga. Wamisheni walikuja, serikali ya Kijerumani ikaja, wakaja matajiri wa mkonge, watafiti wa minyoo, na baadaye Benki ya Dunia. Kila mmoja alishuka na mzigo wake, na juu ya mzigo aliweka pishi yake mwenyewe ya kupimia. Dai langu ni kwamba kila mshirika alivuna kile alichokipima, na mara chache sana alivuna kingine. Anayetaka kujua ushirikiano gani ulimfaa mwanafunzi aanze kwa kuuliza pishi ilikuwa ya nani.

Wa kwanza walikuwa wamisheni wa UMCA, Waanglikana wenye makao yao Unguja. Walifika Magila, jirani na Muheza ya leo, mwishoni mwa miaka ya 1860, wakatulia hasa mwaka 1875 alipokuja Padre Farler. Kipimo chao hakikufichika: walitaka msomaji. Mbondei asome Injili kwa Kiswahili, na wachache waliong'ara wapelekwe Kiungani, Unguja, warudi wakiwa walimu au mapadre. Kwa kuwa msomaji bila cha kusoma ni kazi bure, walileta pia matbaa, na katika miaka ya 1890 Magila ilikuwa ikitoa gazeti lake la Kiswahili, Habari za Mwezi. Wazazi wa Kiislamu wa pwani, Wadigo na Wasegeju, waliitambua pishi hiyo upesi na kwa sehemu kubwa wakabaki na vyuo vyao vya Kurani. Vyuo hivyo vilikuwa na walimu, vikao, ada na hatua za kuhitimu, na vilitoa watu walioweza kuandika barua ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Hakuna mgeni aliyewahi kuwatia watu hao katika hesabu ya waliosoma. Tangu siku hizo mwambao wa Tanga umeingia katika ripoti za elimu kama mahali pa watu wasiojali shule, na sifa hiyo ilianza kwa mpimaji kabla ya kuwafika wapimwa.

Mwaka 1892 Tanga mjini ilifunguliwa shule iliyokuwa mwanzo wa shule za serikali katika koloni lote la Wajerumani. Fedha za kuanzia zilitoka kwa Jumuiya ya Kikoloni ya Kijerumani, chama cha raia wenye hamu ya makoloni, na baada ya miaka michache serikali ikaichukua. Mwaka uliofuata, 1893, ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia bandarini hapo hapo Tanga, na kufikia 1896 garimoshi lilikuwa limefika Muheza. Mambo haya mawili hayafai kutenganishwa. Reli, forodha, posta na ofisi ya bwana mkubwa wa wilaya vilihitaji makarani. Akida na jumbe walihitaji kuandika taarifa na hesabu za kodi. Shule ya Tanga ilitengeneza watu wa aina hiyo. Haikufundisha dini ya Kikristo, kwa hiyo Mwislamu alipungukiwa na sababu ya kuikimbia. Ilikuwa na bweni kwa watoto wa maakida na majumbe, bendi ya tarumbeta, na matbaa iliyochapa gazeti la Kiongozi hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipolizima. Wahitimu wake walipelekwa kufundisha katika shule ndogo za vijijini, na walioifanya vizuri kazi hiyo waliweza kupanda hadi uakida.

Kwa idadi, kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Vita vilipoanza mwaka 1914 shule za serikali katika koloni zima zilikuwa na wanafunzi wapatao elfu sita tu, wakati za wamisheni zilikuwa na zaidi ya laki moja. Hata hivyo Waingereza walipoichukua nchi walikiri katika ripoti yao ya kwanza kwamba walikuta jambo wasilolizoea: afisa aliweza kumwandikia akida au jumbe kwa Kiswahili na kujibiwa kwa maandishi. Wapo wasemao kwamba hayo hayakuwa mafanikio ya elimu, yalikuwa mafanikio ya utawala wa mabavu. Majumbe walilazimishwa kutoa watoto, na mtoto wa kike hakuwa na nafasi katika mpango ule. Wanasema kweli, na ukweli huo unaipa nguvu hoja yangu. Mjerumani alitaka karani akapata karani. Asichokipima, yaani binti, mkulima na mtoto asiye wa jumbe, hakukipata wala hakukitafuta. La kujifunza kwake ni namna alivyoipata shabaha yake. Mwalimu, kitabu, gazeti, ukaguzi na kazi ya baadaye vilivuta upande mmoja kama mabehewa ya treni moja. Washirika waliokuja baadaye walikuwa wema kuliko yeye, lakini wachache walivifunga vitu hivyo kwa kamba moja.

Waingereza walianzisha idara ya elimu mwaka 1920 chini ya Rivers-Smith, na kwa sheria ya 1927 wakaleta ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti: mwalimu mwenye cheti, jengo linalokubalika, mkaguzi kuridhika. Kwa juu juu ulikuwa ushirikiano wa kupigiwa mfano, serikali ikitoa fedha na dini ikitoa walimu. Lakini pishi ya namna hiyo humjazia aliyekwisha kuwa nacho. Palipokuwa na misheni ya zamani, kama Magila, ruzuku ilipata pa kutua. Katika vijiji vya Wadigo, ambako misheni haikuota mizizi, hapakuwa na wa kuipokea, na watoto walingojea shule chache za serikali na za mamlaka za wenyeji. Vijiji viwili vyenye mvua ileile na kodi ileile vilipishana kwa sababu kimoja kilikuwa na kanisa lenye karatasi sahihi.

Utajiri nao haukuwa mbali. Mkonge ulioletwa na mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa hai, ulikuwa umegeuka uti wa mgongo wa nchi, na katika miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka. Sehemu ya utajiri huo ilirudi katika elimu, na majina yake bado yanasikika mjini. Shule ya Galanos ina jina la Mgiriki tajiri wa mkonge, Christos Galanos. Shule ya Usagara ya leo iliwahi kuitwa Karimjee, kwa jina la ukoo wa wafanyabiashara na wenye mashamba. Hakuna sababu ya kuwabeza, kwani majengo yao yangali yanafundisha. Lakini tajiri hujenga karibu na anapoishi, na katika nchi ambayo hadi 1961 ilikuwa na shule za Wazungu peke yao, za Wahindi peke yao na za Waafrika peke yao, sadaka ilifuata mistari hiyo. Zao lilikatwa bara, karibu na Maramba na kwingineko, na shule zenye majina ya wakuu wa zao hilo zikasimama mjini.

Katikati ya miaka ya 1950 wazazi walijaribu kushika pishi wenyewe. TAPA, jumuiya ya wazazi wa Kiafrika iliyokua sambamba na TANU, ilifungua shule za miti na udongo zenye walimu wa mishahara midogo. Kwa kipimo cha ruzuku hazikustahili kitu. Kwa kipimo cha mzazi, mtoto alikuwa amepata pa kukaa na wa kumfundisha. Baada ya uhuru serikali iliichukua kazi hiyo yote mikononi mwake. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa Machi 1967, sheria ya 1969 ikazitia shule za misheni chini ya serikali, na Novemba 1974 mkutano wa TANU pale Musoma ukaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe shuleni. Kipimo kipya kikawa uandikishaji. Nchi nzima wanafunzi wa msingi waliongezeka kutoka milioni 1 na ushei mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwaka 1980. Walimu walipatikana kwa kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa huko huko vijijini kwa redio, masomo ya posta na mazoezi ya kufundisha. Ndio wale walioitwa walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Kipimo kilifikiwa, na mtu asifanye mzaha na jambo hilo, maana watoto wa kike wa vijijini hawakupata kuingia darasani kwa wingi ule kabla ya hapo.

Kuna tarehe moja ambayo wasimulizi wa UPE huipita haraka. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa 1984. Maana yake upanuzi mkubwa kuliko wote wa shule za msingi ulifanyika katika miaka ambayo wilaya haikuwa na chombo chake cha kuchaguliwa. Amri ilitoka juu na nguvukazi ikatoka kijijini; katikati, pale ambapo mtu angeuliza ni shule ipi haina madawati na ipi ina walimu wa kuzidi, palibaki maofisa wa mkoa. Uchumi ulipoyumba, bei ya mkonge ikiwa imeanguka na uzalishaji wake haufiki hata tani elfu 40 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1980, shule zilibaki na kuta bila mwenyeji wa kuzisemea. Uandikishaji uliokaribia watoto wote mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulishuka chini ya asilimia 80 katika miaka ya 1990, na michango ikarudi mlangoni.

Katika kipindi hicho cha ukata, Tanga ilipata mshirika wa aina nyingine kabisa, ambaye kwa maoni yangu anastahili nafasi kubwa kuliko anayopewa. Ushirikiano wa Kumwendeleza Mtoto Tanzania, UKUMTA, ukifanya kazi na watafiti wa Uingereza na idara za afya na elimu, uliichagua Tanga kwa kazi ya afya shuleni. Pishi yake ilikuwa damu ya mtoto. Mtoto mwenye safura, aliyenyonywa na minyoo, au anayekojoa damu kwa kichocho, atafundishwa nini saa tano asubuhi? Kwa kuwa zahanati zilikuwa mbali na walimu walikuwa kila mahali, dawa zilipitia mikononi mwa walimu: albendazoli kwa minyoo, prazikwanteli kwa kichocho. Hata uchunguzi ulirahisishwa. Katika shule za Muheza, wilaya ambayo siku hizo iliibeba Maramba, watafiti walipima kama jibu la mtoto mwenyewe kwa swali la damu kwenye mkojo lingeweza kutegemewa badala ya darubini, na matokeo yakachapishwa mwaka 1997. Hesabu za gharama zilizotolewa miaka miwili baadaye zilionyesha kwamba kumfikishia mtoto dawa ya minyoo kupitia mwalimu kulitumia senti chache tu za dola, mbali na bei ya dawa yenyewe. Na jaribio jingine la Tanga lilionyesha kwamba watoto waliopewa dawa walipungukiwa damu kidogo kuliko wenzao wasiopewa.

Mpinzani makini atauliza: damu imeongezeka, na kusoma je? Swali hilo ni la haki, na jibu lake halimfurahishi mtu. Huko Busia, Kenya, utafiti uliochapishwa na wachumi Miguel na Kremer mwaka 2004 uliona utoro ukipungua kwa robo shuleni baada ya dawa za minyoo, lakini alama za mitihani hazikusogea. Mtoto mwenye afya aliketi darasani siku nyingi zaidi akifundishwa vilevile. Hata hivyo sioni hapo sababu ya kuidharau kazi ya UKUMTA. Washirika wake walipima walichoahidi, wakatumia watu waliokuwapo tayari, na hawakutangaza kwamba kidonge ni mwalimu. Mradi uliojua mipaka ya pishi yake una faida kuliko mradi unaojenga choo kisha ukaandika katika ripoti kwamba umeinua ufaulu.

Miradi ya aina hiyo ya pili ilikuja na fedha nyingi. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia 2002 Mpango wa Maendeleo wa Elimu ya Msingi, MMEM, ukiwa na mkopo mkubwa wa Benki ya Dunia na misaada ya nchi rafiki, ulijenga madarasa, ukaajiri walimu na kuweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ingawa iliyofika shuleni mara nyingi ilikuwa pungufu. Wanafunzi waliruka kutoka chini kidogo ya milioni 5 mwaka 2001 hadi milioni 7 na nusu mwaka 2005. Ufaulu wa darasa la saba nao ulipanda kutoka asilimia 22 mwaka 2000 hadi karibu 62 mwaka 2005, na hotuba zikanoga. Kufikia 2012 ulikuwa umerudi karibu 31, na mwaka huohuo sita kati ya kila kumi waliofanya mtihani wa kidato cha nne walipata sifuri. Kipimo kinachopanda na kushuka hivyo katika muda mfupi, ilhali watoto na walimu ni walewale, kimeacha kupima watoto.

Aliyeonyesha ufa huo kwa njia rahisi ni Uwezo, tathmini iliyoanza mwaka 2010. Wajitolea waliingia majumbani na karatasi yenye hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, wakamwomba mtoto asome. Katika darasa la tatu, watatu tu kati ya kumi waliweza kuisoma hadithi hiyo kwa Kiswahili, na mmoja kati ya kumi kwa Kiingereza. Walimu walilalamika, na malalamiko yao yana uzito, kwamba karatasi moja haipimi elimu yote na kwamba mwenye darasa la watoto mia hawezi kulaumiwa kama mwenye arobaini. Lakini kwa mara ya kwanza tangu vyuo vya Kurani kipimo kilifanyika mbele ya mzazi, kwa lugha anayoijua, na matokeo akaambiwa papo hapo.

Ndipo likafanyika jaribio ambalo kwangu lina uzito kuliko ripoti nyingi. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza, kupitia mradi wa KiuFunza, ilizigawa kwa bahati nasibu shule 350 za wilaya kumi za Tanzania. Nyingine zilipewa ruzuku tu, nyingine walimu waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto atakayefaulu kusoma na kuhesabu, nyingine zikapewa vyote viwili, na nyingine hazikupewa kitu. Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikuongeza chochote katika alama za watoto. Bakshishi peke yake ilileta dalili za kusogea. Vyote viwili pamoja vilileta maendeleo ya wazi. Wapo wanaosoma matokeo hayo kama tusi kwa walimu, kana kwamba hufanya kazi kwa kuhongwa. Mimi nayasoma vingine: fedha bila shabaha hugeuka chaki na rangi ya ukuta, na shabaha bila fedha humwacha mwalimu mikono mitupu. Mjerumani wa Tanga alilijua hilo mwaka 1892, kwa shabaha finyu na kwa nguvu.

Kuanzia 2014, mpango wa Lipa Kulingana na Matokeo uliwafanya wafadhili kulipa baada ya vigezo kutimizwa. Kimoja kati ya vigezo vyake nakiona bora kuliko vingi vilivyotangulia: uwiano wa walimu na wanafunzi ndani ya halmashauri, yaani walimu wasirundikane penye lami wakati shule za milimani zinaongozwa na wawili watatu. Kwa wilaya kama Mkinga, inayoanzia baharini Moa na kupanda hadi Kigongoi, kigezo hicho kinagusa jambo lililo ndani ya uwezo wa halmashauri yenyewe. Mpango wa elimu bila malipo ulipoanza Januari 2016, ruzuku ikaanza kuingia moja kwa moja katika akaunti za shule, na katika miaka ya 2020 mpango wa Shule Bora, kwa fedha za Uingereza, uliiweka Tanga miongoni mwa mikoa tisa inayohudumiwa. Njia ya mzigo kufika imefupika kuliko wakati wowote.

Pishi ndiyo haijahama. Tangu siku za MMEM kila shule hutakiwa kubandika mahali pa wazi fedha ilizopokea na ilivyozitumia, ili mzazi asome. Ni utaratibu mzuri. Mzazi wa Maramba akisimama mbele ya ubao huo ataona shilingi zilizoingia na shilingi zilizotoka, kwa sababu ndizo anazoulizwa mwalimu mkuu na walio juu yake. Idadi ya watoto wa darasa la pili wanaoweza kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili haimo katika orodha ya vinavyolazimika kubandikwa, ingawa mwalimu wao anaijua kwa majina, na kuiandika kungegharimu kipande kimoja cha chaki.